Nyumba ya Kurudia

Lulu alianza na herufi kubwa mno. Alipofika kwenye neno la mwisho, ukuta ulikuwa umebaki kiasi cha kiganja, akalazimika kubananisha herufi pembeni ya dirisha, na rangi nyekundu ikachuruzika hadi barazani. Alikusudia kuandika NYUMBA HII HAIUZWI. Kutoka ng'ambo ya barabara ilisomeka NYUMBA HII HAI, kisha vidoa.

"Watu watadhani tunatangaza uzima," Hamisa alisema.

"Si tuko hai? Acha wasome." Lulu alijifuta vidole kwenye khanga kuukuu. "Na yule dalali akirudi na simu yake, namchora na yeye."

Dalali alikuwa amekuja asubuhi, bwana wa makamo mwenye viatu vya kung'aa, akaipiga nyumba picha mbele na ubavuni bila kumsalimia mtu. Alipoulizwa anatafuta nini, alijibu kwamba amesikia nyumba inaingia sokoni kwa amri ya mahakama, na kwamba Tandika, tena karibu na lami, nyumba haikai sokoni. Alisema kwa upole, kama anayetoa pongezi. Na maneno yake hayakuwa uongo kamili.

Sadallah, mdogo wake Hamisa, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na ofisi yake ilikuwa Kurasini. Mahakama ilimtangaza mufilisi. Maana yake ni kwamba kila kitu chenye jina lake kingekusanywa, kiuzwe, na wanaomdai wagawane. Gari lilikwenda. Samani za ofisi zilikwenda. Katika nyumba aliyopanga Tegeta alitolewa, na mkewe akarudi kwao Tanga na watoto. Kilichobaki na jina lake kilikuwa hati moja tu, ya nyumba hii ya vyumba sita, ambayo Sadallah hakuwahi kuigongea hata msumari.

Nyumba ilijengwa na bibi yao, Bi Sikudhani. Bibi huyo aliachwa na waume watatu, na kila mara alijikuta nje na sanduku lake bila kujua alipeleke wapi. Alipopata nyumba yake mwenyewe aliweka sharti mbele ya ukoo mzima na shehe wa mtaa: nyumba ni ya watoto wa kike. Anayeachwa, anayefiwa, anayepigwa, anarudi. Watoto wa kiume watakula barazani, watasaidia kuezeka, na kulala watalala kwao. Ukoo ukaiita nyumba ya kurudia. Hamisa alirudi alipofiwa. Lulu, binti wa mama yake mdogo, alirudi mara mbili kutoka kwa waume wawili, na alikuwa akisema kwamba mara ya tatu hatafungua begi, ataliacha mlangoni.

Kosa lilifanyika siku za urasimishaji, viwanja vilipokuwa vikipimwa na kupewa hati. Wapima walipopita mtaani, kila nyumba ilitakiwa itoe jina la mmiliki mwenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ya Hamisa ilikuwa imekwama kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Lulu alikuwa bado kwa mumewe Gongo la Mboto. Sadallah alikuwa nayo, maana bila hiyo hupati kitambulisho cha kuingilia bandarini. "Andika la kaka," walisema wote, "si jina tu." Siku hati ilipotoka walipika pilau.

* * *

Kilichomkosesha Hamisa utulivu hakikuwa hati peke yake. Sadallah alikuwa amelala ndani.

Alifika wiki tatu nyuma, jioni, na begi moja, akakaa barazani kama kawaida ya wanaume wa ukoo. Ilipoingia isha alikuwa bado amekaa. Hamisa akaenda kumwambia Lulu kwamba wampe chumba cha mwisho, kile cha stoo. Lulu alikataa, wakabishana kwa sauti za chini, na mwishowe Lulu akakubali kwa masharti aliyoyahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja na kuanza wa pili. Tangu nyumba isimame, Sadallah alikuwa mwanamume wa kwanza wa ukoo kulala chini ya paa lile.

"Tumtoe leo," Lulu alisema sasa, akiosha brashi. "Ijumaa yule bwana wa ufilisi akija kukagua nyumba, akute magunia ya mkaa tu."

"Akituuliza?"

"Hatauliza. Atajuaje?"

"Yule Mudathir anayemdai anajua. Jumapili alipita hapa, akamkuta amevaa msuli, mswaki mdomoni."

Lulu aliitikisa brashi, matone mekundu yakaruka. "Mie nilikwambia, dada. Nilikwambia siku ile ile."

"Uliniambia."

"Huruma yako itatulaza Mbagala kwa watu."

Hamisa alimwacha na brashi yake. Alizunguka nyumba, akapita ubavuni, akamkuta Sadallah nyuma ya ukuta wa uani, kwenye bomba la nje, akifua shati. Alikuwa akilifua vibaya, akisugua kifua na kuiacha kola. Mtu ambaye mwaka jana shati lake lilikuwa likitoka kwa dobi limefungwa kwenye nailoni.

"Ijumaa wanakuja," Hamisa alisema.

"Najua, dada."

"Utasema nini?"

"Tupige hesabu kwanza."

"Mie sitaki hesabu. Nauliza utasema nini."

Sadallah alikamua shati. "Nikisema nyumba yangu, inauzwa. Mudathir anapata chake, wengine wanapata kidogo, baada ya muda mahakama inanifungua. Naanza upya. Nawajengea Chanika. Vyumba vinne, choo ndani."

"Umewahi kutujengea hata banda la kuku?"

Alitabasamu bila kupenda, kisha tabasamu likaondoka. "Na nikisema si yangu, hapo kuna ishu nyingine. Mudathir nilimpa kopi ya hati, kwa mkono wangu. Nikamwambia asihofu, nina nyumba. Hilo si deni tena, dada. Hilo ni polisi."

Habari ya kopi Hamisa alikuwa haijui. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alifikiri kwamba yeye ndiye mkubwa, na kwamba angeweza kumwamuru, kama alivyomwamuru zamani arudishe chenji ya sukari aliyoificha kwenye soksi. Lakini chenji ilikuwa senti chache, na adhabu yake ilikuwa kofi. Hapa angemwambia mdogo wake aende jela ili yeye abaki na chumba. Alilipima jambo hilo pande zote mbili na hakuona upande uliokuwa safi.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Lulu atakuletea barazani."

* * *

Bwana wa ufilisi aliitwa Erasmus. Alikuwa mrefu, mkavu, umri wa kuwa mtoto wa Hamisa, na begi lake lilikuwa limechakaa kwenye pembe. Aliamkia wakubwa wote, akakataa kiti chenye mto akachukua cha plastiki. Mudathir alikuja nyuma yake. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vigae Kariakoo, mwenye kanzu safi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisalimia kwa salamu kamili, akakaa mbali na Sadallah.

"Nieleze mama," Erasmus alimwambia Hamisa. "Maombi yenu nimeyasoma. Mnasema nyumba si ya Bwana Sadallah, amewashikia tu. Sheria haiangalii jina peke yake. Mali ambayo mufilisi ameishika kwa amana ya watu wengine, mie siigusi. Lakini anayedai ndiye anayethibitisha. Mita ya umeme ina jina la nani?"

"La marehemu bibi."

"Kodi ya jengo?"

"Si inakatwa humo humo kwenye LUKU, tukinunua umeme."

"Nani ananunua hiyo LUKU?"

"Mie na Lulu, kwa zamu. Na tuna wapangaji wawili, mabinti wa chuo. Kodi yao ndiyo bati, ndiyo choo."

"Bwana Sadallah hapati kitu?"

"Apate kwa lipi?" Lulu aliuliza kutoka mlangoni.

Mudathir aliinua mkono. "Bwana Erasmus, haya ni maneno, na maneno ya ndugu yanapangwa. Mie nasema nilichokiona. Huyu bwana analala humu. Jumapili nimemkuta na msuli, anapiga mswaki. Mtu wa hivyo ni mgeni? Huyo ni baba mwenye nyumba."

Erasmus aliandika. Hamisa aliitazama kalamu inavyokwenda. Hilo lilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyelifanya liwe kweli.

"Nionyeshe ndani," Erasmus alimwambia Sadallah.

Wakaingia ukumbini wote, Sadallah mbele. Walipita milango minne iliyofungwa. Ukumbi ulipoishia, penye mlango uliorudishwa wa kwenda uani, kilikokuwa chumba cha stoo, Sadallah alisimama.

"Hodi," alisema.

Akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi jamani."

Lulu alikuwa amewahi kuzunguka nyuma. "Nani?"

"Mie, Sadallah. Niko na wageni."

"Subirini, mtu anaoga."

Wakasubiri. Ukumbi ulikuwa mwembamba na joto lilikuwa kali, na wanaume watatu walisimama wakisikiliza kata inavyochota maji na kuyamwaga. Mmoja wa mabinti wa chuo alikuwa akiimba kwa sauti ya puani, bila haraka. Mudathir alivuta pumzi.

"Ingia bwana, unangoja nini kwako?"

Sadallah hakugeuka. Shingo yake, Hamisa aliiona kwa nyuma, ilikuwa imelowa jasho mpaka kwenye kola. Hakuwa anaigiza. Mtu anayeigiza angemtazama Erasmus apime kama ameonekana. Huyu alitazama sakafu, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani na hajui kama atafunguliwa.

"Haya, piteni," Lulu alisema hatimaye, "na macho yenu yawe mbele."

Chumba cha stoo kilikuwa na magunia ya mkaa, jiko bovu, na mkeka juu ya maboksi. Begi la Sadallah lilikuwa limefungwa. Erasmus alitazama kwa muda mfupi, kisha wakarudi barazani.

"Uliingia humu kwa ruhusa ya nani?" alimuuliza Sadallah.

"Yangu," Lulu alisema. "Na nilikataa kwanza."

"Kulikuwa na masharti?"

Hamisa aliwahi. "Hayo mambo ya ndani tu, mwanangu, hayana—"

"Acha, dada." Sadallah alizungumza kwa sauti isiyopanda wala kushuka, akitazama magoti yake. "Naoga wa mwisho. Chakula naletewa hapa nje, vyombo naosha mwenyewe. Mgeni siruhusiwi. Kwenda uani mpaka nijibiwe. Nikichelewa, mlango unafungwa, nalala hapa barazani. Nimeshalala mara mbili. Ufunguo sina."

Erasmus aliinua uso. "Ufunguo wa chumba?"

"Wa nyumba. Sijawahi kuwa nao."

Bodaboda ilipita ikipiga muziki wa singeli kwa sauti ya kupasuka, na wote wakaingoja iishe, kana kwamba nayo ilikuwa na la kusema. Hamisa alijikuta ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Hati ina jina lako, Bwana Sadallah. Nyumba ni yako?"

"Hapana."

"Uliwahi kuinunua, kurithi, kupewa?"

"Hapana. Ya wanawake wa kwetu. Mie nilitoa jina."

"Na Bwana Mudathir ulimwambia nini?"

Sadallah alipangusa mdomo. "Nilimwambia yangu. Nikampa kopi ya hati. Nilimdanganya."

Mudathir hakupiga kelele, na Hamisa angependa apige. Alimgeukia yeye.

"Dada, unanikumbuka? Nilikaa kiti hicho hicho. Uliniletea pilau kwa mkono wako. Huyu akasema karibu kwangu, jisikie nyumbani. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilidhani anajisifu tu mbele ya mgeni."

"Mie nikampa pesa ya ushuru wa kontena zima. Akalipia mzigo wa mtu mwingine kwa pesa yangu, langu likakaa bandarini mpaka likapigwa mnada. Nimeuza kiwanja cha wanangu. Nikajipa moyo, angalau ana nyumba. Leo naambiwa na nyumba haipo." Alisimama, akakung'uta kanzu. "Basi kaniibia mara mbili, na mara ya pili mmemsaidia."

Hamisa alitafuta neno ambalo lingekuwa jibu na pia liwe kweli, akalikosa. Lulu alikuwa akitazama ukuta.

"Hayo aliyokueleza ni shauri jingine," Erasmus alimwambia Mudathir. "Nitayaandika kwenye taarifa yangu, na una haki ya kuyapeleka polisi."

"Nitayapeleka."

"Ni haki yako."

* * *

Barua ilitoka mwezi uliofuata. Ilisema kwamba nyumba haimo katika mali za mufilisi, na kwamba wanufaika wafanye hima hati itoke kwenye jina lake. Lulu alipiga kigelegele kimoja, akakikata katikati, kwa kuwa Sadallah alikuwa barazani akisikia. Yeye alikuwa ameitwa kituoni kutoa maelezo, na karani wake wa zamani alikuwa amekubali kumdhamini na kumpa pa kulala Gongo la Mboto.

Sadallah alipoanza kupanga nguo, Hamisa alisimama mlangoni mwa stoo.

"Si lazima uondoke leo."

"Lazima. Mudathir kaweka wakili, wanasema watapinga. Wakinikuta hapa tena, yule bwana atafuta alichoandika."

"Ndiyo," Hamisa alisema, na akaona aibu kwa wepesi alioitikia nao. Tangu asubuhi alikuwa akingoja mtu mwingine aliseme.

Lulu aliingia bila hodi, akamnyang'anya shati mkononi. "Hata kola hujui kukunja. Ulioa ili iweje?" Akakaa juu ya gunia, akaanza kukunja nguo zake zote upya, moja moja, akizipigapiga kwa kiganja.

"Sadallah," Hamisa alisema. "Kwa nini ulisema kweli?"

Alifikiri. "Nilikuwa nimeshasimama pale mlangoni, nangoja mtu amalize kuoga. Baada ya pale ningesema nyumba yangu, dada, hata yule binti angetoka acheke."

Lulu ndiye aliyecheka, kidogo, kisha akainamia begi akalifunga zipu. Walimsindikiza mpaka kwenye lami. Alimwamkia dada yake badala ya kumuaga, shikamoo ya mchana kweupe kama mtu ndiyo kwanza anafika, na Hamisa akaitikia marahaba kwa sababu hakujua jibu lingine.

* * *

Kwa ajili ya hati mpya walitakiwa wapeleke majina. Erasmus alikuwa amewashauri kwa simu: wasiweke jina moja tena, na waandike wazi kwamba wameishika kwa niaba ya wanawake wa ukoo, waliopo na watakaokuja. Namba ya NIDA ya Hamisa ilikuwa imeshatoka. Ya Lulu pia.

Walikuwa uani, alasiri. Lulu alikuwa akimenya mihogo, na simu yake, aliyoilaza kifudifudi juu ya jaa la maganda, ilikuwa ikitetema, inanyamaza, inatetema tena. Hamisa alikuwa ameinama kwenye meza ya kukunja, miwani puani. Aliandika jina lake polepole, kwa mwandiko wa shule, akalisoma mara mbili.

"Langu tayari. Sasa lako. Tuweke mawili, mmoja akiyumba mwingine yupo."

Lulu aliendelea kumenya.

"Unaliandika na la baba au la babu pia? Kama kwenye NIDA, wamesema. Lisipishane hata kidogo."

"Na la babu."

Hamisa aliandika herufi ya kwanza. Simu ikatetema, ikasogea yenyewe juu ya maganda. Mwaka jana angesema si jina tu, angemaliza, angeinuka kwenda kupika. Sasa alisubiri kidogo na kalamu hewani, akiisikiliza ile simu.

"Hupokei?"

"Ngoja," Lulu alisema. Aliweka kisu chini. Uso wake haukuwa na mzaha wowote, na kwa mara ya kwanza Hamisa aliuona umri wake. "Usiandike kwanza. Kuna deni nataka ulijue kabla jina langu halijaingia humo."

Hamisa alivua miwani. Akaifunika kalamu kifuniko chake, akavuta kigoda, akakaa.

"Sema," alisema.